Beti za Babu Zisigeuke Insha

Swali: Shikamoo mwalimu. Marehemu babu yangu alichapisha diwani yake kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1974 hapa Tanga. Ni kitabu chembamba cha kurasa 88: utenzi mmoja wa beti 212, mashairi thelathini na kitu, na tanbihi chini ya kurasa za kueleza maneno ya Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga. Baadhi ya mashairi yamepigwa kwa safu mbili, na dibaji iliandikwa na rafiki yake. Zimebaki nakala mbili, moja imeshaliwa na mchwa. Familia tumekubaliana kitabu kigawiwe bure kwa ndugu walioko Tanga, Mombasa na Muscat. Nimekiskani, nikapata PDF, nikaigeuza kuwa Word, kisha EPUB, faili la kitabu cha kusomea kwenye simu. Kwenye simu beti zimeshikana zote kama insha, tanbihi zimeingia katikati ya mashairi, maneno yaliyokuwa kwa herufi za mlazo yamenyooka, na penye ng' pana alama za ajabu. Nimekutumia picha za kurasa mbili, wa 12 na wa 47. Nimekosea wapi, na nifanyeje ili mpangilio usipotee?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kazi. Kukilaza kitabu cha marehemu juu ya kioo cha skana, ukurasa baada ya ukurasa, si kazi ya mikono peke yake.

Kuskani hukukosea. Ulipokosea ni njia uliyopita baada ya hapo. PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa. Ilibuniwa ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine na kila printa, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Lakini ndani ya PDF kama yako hamna aya wala ubeti. Mna maagizo tu: herufi hizi zikae hapa, umbali huu kutoka kushoto, umbali huu kutoka chini. Wewe ukiona mistari minne mifupi halafu uwazi, unajua huo ni ubeti. Programu ya kugeuza inaona mistari mifupi, inadhani ni aya moja ndefu iliyokatwa na ufinyu wa karatasi, basi inaiunga. Ukiipeleka tena kwenye EPUB, programu ya pili inakisia juu ya makisio ya ile ya kwanza.

Tazama linavyotokea. Ubeti huu nimeutunga hapa kwa ajili ya mfano:

Nishike kalamu yangu
Niandike neno langu
Liwafikie wenzangu
Walioko kila pwani

Ukishapita katika PDF na Word, mara nyingi unatokea hivi:

Nishike kalamu yangu Niandike neno langu Liwafikie wenzangu 47 Walioko kila pwani l3

Hiyo 47 ni namba ya ukurasa iliyoshuka katikati ya ubeti. Hiyo "l3" ni namba ya ubeti, 13, ambayo mashine imeisoma kwa herufi l. Maneno ya babu yote yapo, hata moja halikuanguka, na bado ubeti haupo. Mizani minane minane haihesabiki tena kwa jicho, vina vya -ngu vimezama, na kile kina cha bahari, -ni, ambacho msomaji wa utenzi hukisubiri mwisho wa kila ubeti apumue, hakijulikani kiko wapi. Ndiyo maana mimi sikubali mtu akiniambia mpangilio ni urembo. Katika ushairi wetu mwisho wa mshororo ni sehemu ya maneno.

Hili nililijua kwa kuumia. Miaka mingi iliyopita nilikabidhiwa utenzi wa ukoo mmoja wa Pangani niuingize kwenye kompyuta. Nilikuwa na haraka, nikaiamuru programu iondoe mikato yote ya mistari ili maandishi yawe "safi", nikahifadhi juu ya faili lilelile, nikachapa. Mzee mmoja wa ukoo ule, aliyekuwa anaujua utenzi kwa moyo, alipopewa karatasi ausome mbele ya watu alisoma mistari miwili akanyamaza. Akaikunja karatasi, akaendelea kwa kichwa. Nilirudi kuanza upya kutoka kwenye picha. Tangu siku hiyo picha za kurasa sizigusi: zinakaa kwenye folda yake, na nakala nyingine inakaa kwenye diski iliyo nyumba nyingine.

Basi na wewe rudi kwenye picha. Iache ile Word, iache na ile EPUB. Kama uliskani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, zinatosha. Kama ni chini ya hapo, skani upya ile nakala nzima isiyoliwa, na kila ukurasa uuhifadhi kama picha ya PNG au TIFF, maana JPEG iliyobanwa sana huacha ukungu kando ya herufi, na nukta ya i hupotea humo.

Kusoma herufi, tumia Tesseract. Ni programu ya bure iliyoanzia Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kuachiwa wazi mwaka 2005, na ina data ya Kiswahili yenye jina la swa. Usiiache isome kwa Kiingereza, kwa sababu itavuta maneno yetu kuelekea maneno inayoyajua, na "hii" itarudi "hi". Jambo la pili ni namna inavyougawa ukurasa. Umesema baadhi ya mashairi ya babu yamepigwa kwa safu mbili, ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, kushoto, na utao, nusu ya pili, kulia. Tesseract ikiachiwa ijiamulie yenyewe, huenda ikasoma safu yote ya kushoto hadi chini, ndipo irudi juu kusoma ya kulia. Hapo kila ukwapi umeachana na utao wake. Kwa kurasa za namna hiyo iambie ukurasa ni bonge moja, ambalo katika mpangilio wake uitwao psm ni namba 6, nayo itasoma moja kwa moja kutoka kushoto kwenda kulia. Kurasa za dibaji, zilizo nathari tupu, ziendeshe kwa njia ya kawaida.

Sasa kiini cha jibu langu. Utakachopata ni maandishi matupu. Usianze kuyapamba kwa kukumbuka ukurasa ulivyoonekana, bali yape majina kwa kadiri kila mstari ulivyo. Huu ni mshororo wa kwanza wa ubeti. Huu ni mshororo. Hiki ni kichwa cha shairi. Hii ni tanbihi. Sura utaipanga baadaye, mara moja, kwa kila jina. Fanya hivyo kwenye LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure, kwa kutumia mitindo ya aya. Tengeneza mtindo uuite Mshororo, na mwingine Mshororo wa Kwanza, ambao tofauti yake ni uwazi wa juu unaotenga ubeti na ubeti. Mwisho wa kila mshororo bonyeza Enter, uwe aya yake yenyewe. Vichwa vya mashairi vipe mtindo wa Kichwa uliomo tayari humo, kwa sababu orodha ya yaliyomo ya EPUB hujengwa kutoka hapo.

Kamwe usitenge ukwapi na utao kwa kubonyeza nafasi mara kumi, wala usisogeze mstari ndani kwa nafasi. EPUB kwa ndani ni kurasa za wavuti zilizofungwa pamoja kwenye kifurushi kimoja, na kurasa za wavuti huhesabu nafasi kumi zilizofuatana kuwa nafasi moja. Jioni nzima ya kupanga itafutika bila onyo lolote. Kusogeza kote kuwe ndani ya mtindo. Vipande viwili vitenganishwe na mkato, na kama babu aliacha uwazi mtupu pasipo mkato, weka tabo moja katika faili lako kuu, kisha uamue kwa kitabu kizima nini kikae mahali pake kwenye simu.

Nikae kidogo kwenye simu, kwa sababu ndiko ndugu zako watakakosomea. Mshororo wa shairi la mizani 16 ni mrefu. Chukua huu: "Nimekuja na barua, naomba uifungue". Una herufi thelathini na kitu pamoja na nafasi. Shangazi yako wa Mombasa akikuza maandishi kwa ajili ya macho yake, mshororo huo hautaenea kwenye upana wa simu. Utakatika, na neno "uifungue" litaangukia mstari wa pili, msomaji adhani ni mshororo mpya. Huwezi kuzuia ukatike. Unaweza kumwonyesha msomaji kwamba ni mshororo uleule unaoendelea. Katika mtindo wa Mshororo weka pambizo la kushoto la sentimita moja, na mstari wa kwanza uurudishe nyuma sentimita moja, yaani hasi moja. Hapo mshororo utaanza ukutani, na kipande kitakachoanguka kitaingia ndani. Wapiga chapa wa mashairi wamefanya hivyo karne na karne. Hii ndiyo sababu nimekuambia kila mshororo uwe aya yake: ukikata mistari ndani ya aya moja kwa Shift na Enter, kurudi nyuma huko kutaushika mshororo wa kwanza tu, na mitatu iliyobaki itabaki bila alama.

Kabla hujaandika chochote, zima masahihisho ya kujiendesha. Programu nyingi hudhani kila maandishi ni Kiingereza, na herufi i iliyosimama peke yake huigeuza kuwa I kubwa. Katika tenzi zetu "i wapi" na "i hai" zimejaa. Utakuta I imesimama katikati ya mstari kama jina la mtu, na hutajua imeingia lini. Lugha ya faili iweke Kiswahili. Na usiirekebishe lahaja. Kama babu aliandika kwa Kimtang'ata, au akaandika "mbali-mbali" kwa kistari kama baadhi ya vitabu vya zamani, viache hivyo hivyo. Kistari unachotakiwa kuondoa ni kile tu kilichokata neno mwisho wa mstari kwenye dibaji, na ukiondoe kwa jicho lako, kimoja kimoja. Ukiiamuru mashine ivifute vyote itafuta na vya babu.

Alama za ajabu ulizoziona penye ng' nadhani zilikuwa kama hivi: ngâ€™ombe. Chanzo chake ni hiki. Ritifaa, yaani ile alama ya juu katika ng', ina sura zaidi ya moja kwenye kompyuta: iko iliyonyooka, iko iliyopinda, na iko nyingine iliyotengwa kuhesabiwa kama herufi. Word hupenda kuipinda bila kukuuliza. Faili likihifadhiwa kwa UTF-8, usimbaji wa sasa, yaani namna ya kuandika herufi kwa namba, ritifaa iliyopinda hushika baiti tatu, na programu nyingine ikilifungua faili hilohilo kwa usimbaji wa zamani wa Windows, baiti hizo tatu husomwa kuwa herufi tatu. Dawa ni mbili. Kila faili la maandishi lihifadhi kwa UTF-8 na ulifungue kwa UTF-8. Kisha chagua sura moja ya ritifaa kwa kitabu kizima, utumie Tafuta na Ubadilishe kuzisawazisha zote. Mimi huchagua iliyonyooka katika faili kuu, kwa sababu ndiyo inayotoka kwenye kibodi nyingi mtu anapotafuta. Mjukuu akitafuta "ng'ambo" kwa ritifaa iliyonyooka wakati kitabu kina iliyopinda, programu nyingi zitamjibu kuwa neno halimo, na ataziamini. Kuipinda kwa ajili ya uzuri kungoje siku ya kuchapa karatasini.

Herufi za mlazo zitakula muda wako. Injini mpya ya Tesseract, iliyokuja na toleo la 4, haikuambii neno gani lilikuwa la mlazo. Itakupa neno, basi. Kwa hiyo lazima upite ukurasa kwa ukurasa, picha upande mmoja na maandishi upande wa pili, uyarudishe kwa mkono. Usiyaruke ukidhani ni madogo. Kwenye ukurasa wa 12 ulionitumia, babu ameyalaza maneno ya Kiarabu na yale ya Kimtang'ata, na kila lililolazwa lina tanbihi yake chini. Yakinyooka, msomaji hajui lipi linaelezwa na lipi halielezwi. Kama unaanza kwenye maandishi matupu, zungushia neno vistari vya chini, _namna hii_. Ni desturi ya zamani ya Project Gutenberg, mradi ambao Michael Hart aliuanza Marekani mwaka 1971 kwa kuandika vitabu kwenye kompyuta, na mpaka leo katika maandishi yao matupu utaikuta. Bahati nzuri, WhatsApp nayo huisoma alama hiyohiyo, kwa hiyo ubeti utakaouchomoa na kuutuma kwenye kundi la familia utafika na mlazo wake.

Tanbihi zitoe kwenye maandishi, kisha uzirudishe kwa amri ya tanbihi ya Writer yenyewe, ukisimama juu ya neno linaloelezwa. Katika kitabu cha babu namba zinaanza moja kila ukurasa. Kwenye simu hakuna ukurasa, kwa hiyo ziache zihesabiwe mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo tumebadili alichopiga chapa, na ni haki ya msomaji kuambiwa, basi liandike mwanzoni mwa kitabu kwa mstari mmoja. Namba za kurasa za asili nazo zisipotee. Mtu akimnukuu babu yako kwa kuandika "ukurasa wa 47", mwenye EPUB apate pa kwenda. Mimi huziweka kwenye mabano ya mraba, kwa herufi ndogo, mwanzo wa ukurasa, na daima baina ya ubeti na ubeti. Ukurasa ukiwa ulikatika katikati ya ubeti, namba naisogeza ikae baada ya ubeti huo.

Kabla ya kugeuza chochote, hesabu. Utenzi una namna yake ya kukulinda. Beti 212 kwa mishororo minne ni mishororo 848. Nakili utenzi peke yake kwenye faili tupu, futa namba za beti na mistari mitupu, kisha tazama idadi ya mistari. Ikija 847, kuna miwili imeshikana mahali. Ikija 849, kuna mmoja umekatika, au tanbihi imejificha humo. Halafu pita kila mshororo wa nne utazame kina cha bahari. Pale kisipolingana, rudi kwenye picha kabla hujamlaumu mtunzi. Mara nyingi nimekuta mashine imesoma u kuwa n.

Kutoa EPUB, hifadhi nakala ya DOCX kutoka Writer, uitie kwenye calibre, programu ya bure ya kugeuza vitabu vya kidijitali. Humo mna sehemu ya uchakataji wa kukisia, ambayo kazi yake mojawapo ni kuunga mistari iliyokatika. Kwa kawaida imezimwa. Usiiwashe, hata rafiki akikuambia inasafisha. LibreOffice yenyewe inaweza kutoa EPUB moja kwa moja tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018, lakini kwa kitabu chenye tanbihi nyingi mimi nimezoea calibre. Ukiona kosa kwenye EPUB, usilitibu humo. Rudi kwenye faili kuu, rekebisha hapo, toa upya. La sivyo baada ya mwezi utakuwa na matoleo matatu yasiyofanana, na kila ndugu atakuwa na lake.

Kwa ndugu ningetoa vitu viwili. EPUB kwa wanaosoma kwenye simu na kukuza herufi. Na PDF ya ukurasa mdogo, A6, iliyotolewa kutoka faili kuu lilelile, kwa wale ambao kitu kisipofunguka kwa kubonyezwa mara moja hawatakifungua. Katika mtindo wa Mshororo amuru aya isitenganishwe na inayofuata, isipokuwa mshororo wa nne, ili ubeti usikatwe na ukurasa. Unapotoa PDF chagua PDF/A, ambayo hubeba fonti zake ndani, ili popote ifunguliwe herufi ziwe zilezile. Zile picha za kurasa nazo zifunge ziwe PDF ya tatu, ya kumbukumbu. Ni nzito, lakini mwenye shaka juu ya neno ataweza kutazama.

Kwenye WhatsApp tuma yote kama hati. Ukituma kurasa kama picha zitabanwa na nukta za herufi zitakufa. Ukibandika utenzi kama ujumbe, watu watausambaza nusunusu bila jina la mtunzi. Jina la faili liwe na jina la babu, jina la kitabu na tarehe ya toleo, ili anayepokea baada ya kupita mikono ishirini ajue ameshika nini.

Jambo moja la haki. Sheria za Kenya na za Tanzania hulinda maandishi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa mashairi, warithi mmekubaliana. Lakini umesema dibaji iliandikwa na rafiki yake. Hiyo ina wenyewe. Watafute watoto wake uwaombe, na kibali chao kiwe kwa maandishi.

Ukimaliza, usijaribu kitabu kwenye simu yako. Chukua simu kongwe kuliko zote nyumbani, kuza herufi, mpe mtu anayejua kughani asome kwa sauti beti kumi za katikati, nawe ukae na kitabu cha karatasi mkononi. Pale anaposita, weka alama.

Kurasa mbili ulizonitumia nimezipitia. Ule wa 12 uko sawa. Wa 47 umekunjika kwenye mshono na vina vya kulia vimeingia kivulini. Ulaze tena juu ya kioo, kitabu ukikandamize kwa kiganja taratibu usiuvunje mgongo wake, na karatasi nyeusi uiweke nyuma ya ukurasa ili maandishi ya upande wa pili yasipenye.